Fundi Kapela na Ng'ombe wa Miguu Mitatu

Ndugu yangu, habari hii niliipokea asubuhi moja nikiwa na haraka, na nusura niipite. Nashukuru sikuipita. Isome ukiwa umekaa, na ukimaliza mpelekee mtu mmoja tu, yule unayeishi naye lakini hujamuuliza swali la maana siku nyingi.

Katika mji mdogo wa reli huko Unyamwezi palikuwa na fundi seremala aliyeitwa Kapela. Kwa miaka arobaini na ushei alitengeneza milango, madirisha, vitanda, madawati na majeneza ya mji ule, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumrudishia kazi. Mlango wa Kapela ukifungwa, hata upepo hubisha hodi. Meza yake ukiiwekea bilauri iliyojaa maji pomoni, halimwagiki tone.

Sifa hizo hazikumlevya, ila zilimfanya mgumu. Hakuweza kupita penye kitu kilichopinda akakiacha. Msibani aliinama kuangalia kama benchi limekaa sawa. Kanisani alisali jicho moja limefumbwa, la pili liko kwenye fremu ya dirisha. Watu wakimtania, aliwajibu, "Kitu kilichopinda kina mwenyewe mvivu." Alikuwa na hakika na maneno hayo, na mtu mwenye hakika hana muda wa kuuliza.

Mkewe aliitwa Nyamizi, na mtaani walimwita Mama Kalunde kwa jina la binti yao wa pekee, aliyeolewa mbali huko Mpanda. Nyamizi alikuwa mwanamke wa jembe. Alilima karanga na mtama mpaka magoti yalipokataa. Basi alipokaa nyumbani, uzeeni, alianza jambo ambalo mumewe hakulitegemea.

Kila alasiri, vyombo vikishaoshwa, alitandika mkeka barazani na kuweka kapu mbele yake. Ndani ya kapu mlikuwa na vipande vya khanga zilizochakaa, vifungo, nyuzi, mabua ya mtama, na maranda aliyoyazoa chini ya meza ya mumewe karakana. Akavuta sindano, akaanza kutengeneza vitu.

Vitu gani sasa? Hapo ndipo palipokuwa na neno.

Alishona ng'ombe wa kitambaa chenye maua mekundu, akamjaza maranda, akampa miguu mitatu. Alitengeneza kuku aliyevaa suruali. Alitengeneza mtu wa mabua mwenye mkono mmoja wa kawaida na mwingine mrefu unaoburuza chini. Alijenga nyumba ndogo iliyoachwa wazi mlangoni, haina hata pazia. Na alitengeneza kitanda cha mabua, kimoja kidogo cha kutosha kiganjani, ambacho mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Ukikigusa kwa kidole, kinayumba.

Na alipokuwa akitengeneza, alicheka. Alicheka peke yake, chini chini, sindano ikiwa mkononi. Saa nyingine aliinua kile kitu usawa wa macho akakisemesha: "Wewe nawe ulitusumbua kweli!" Kisha akakipeleka rafuni sebuleni, akakipanga pamoja na wenzake, akarudi mkekani kuanza kingine. Kapela alikisikia kicheko hicho kutoka karakana, juu ya sauti ya randa, na ukweli ni kwamba kilimpendeza. Hakuwa amekisikia tangu Kalunde aolewe.

Lakini vile vitu vyenyewe vilimkera kuliko mchanga kwenye kitoweo.

"Mama Kalunde," alimwambia siku moja, "mguu wa nne wa huyu ng'ombe uko wapi?"

"Hana."

"Ng'ombe gani asiye na mguu wa nne?"

Nyamizi alimtazama kidogo, uso umechangamka, kama mtu anayengoja jambo. Alingoja. Kapela akasema tu, "Ukitaka nitakuonyesha namna ya kupima." Nyamizi akacheka, akarudi kwenye sindano yake.

Siku hizo mama yule alikuwa ameanza kusahau. Aliunguza maharage mara mbili katika wiki moja. Alimwita jirani kwa jina la marehemu mama yake mwenyewe. Siku moja alikwenda dukani, duka la siku zote, akarudishwa nyumbani na mtu aliyemkuta amesimama njia panda. Kapela alisema ni uzee, mbona hata yeye husahau alikoweka patasi. Alisema hivyo kwa sababu kusema jambo jingine kulimtisha.

Basi ikatokea siku moja wakaja wageni watatu kutoka shule moja mpya, kuagiza madawati. Walikaribishwa sebuleni wakaletewa chai. Mmoja wao akainuka, akamchukua yule ng'ombe kutoka rafuni, akamgeuzageuza.

"Fundi, na huyu naye ametoka karakana kwako?"

Wenzake wakacheka. Mwingine akaongeza, "Basi madawati yetu tutayahesabu miguu kabla hatujayapakia!"

Wakacheka tena, bila ubaya wowote. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni ameshika birika, naye alicheka nao, tena akacheka kuliko wote. Lakini Kapela hakumwona mkewe akicheka. Aliliona jina lake, lile alilolijenga miaka arobaini, limebebwa mkononi mwa mgeni pamoja na ng'ombe wa kitambaa. Alicheka kwa meno, moyoni akaungua.

Jumamosi iliyofuata Nyamizi alifuatana na wanawake wa mtaani kwenda kumwona mzazi kijiji cha jirani, safari ya kutwa. Kapela alingoja mpaka sauti zao zilipopotea. Akachukua ungo, akazoa kila kitu kilichokuwa rafuni, akapeleka karakana.

Nataka uelewe jambo moja hapa. Hakufanya kwa hasira. Alifanya kwa mapenzi, na hilo ndilo linalouma. Alijiambia, mke wangu ana mikono mizuri ila macho hayaoni vizuri. Nitamsaidia, atafurahi, na mgeni akija hatatuchekea tena. Alifunga mlango wa karakana akafanya kazi kama anayetengeneza madhabahu.

Alitafuta kipande cha khanga ileile yenye maua mekundu, akakata mguu wa nne, akaujaza maranda, akaushona kwa mshono mdogo usioonekana. Suruali ya kuku aliivua akaitupa kwenye moto wa kuyeyushia gundi. Mkono mrefu wa mtu wa mabua aliukata ukalingana na mwenzake. Ile nyumba aliipa mlango wa ubao mwembamba wenye bawaba za bati. Kile kitanda alikipima, akaona njia ni moja tu, akaifupisha ile miguu mitatu ikalingana na ule mmoja. Alikisukuma kwa kidole. Kikatulia tuli.

Ilipofika alasiri vilikuwa rafuni, vimepangwa kwa urefu, vimenyooka kama wanafunzi mstarini. Kapela alisimama akavitazama, akafurahi. Nasema tena, alifurahi.

Nyamizi aliporudi alivua viatu, akaingia sebuleni, akasimama.

"Baba Kalunde, wale wangu wako wapi?"

"Si hao hapo?"

Alisogea polepole. Akamchukua ng'ombe, akamhesabu miguu kwa kidole: mmoja, miwili, mitatu, minne. Akahesabu tena tangu mwanzo.

"Huyu simjui," alisema.

"Ni yuleyule. Nimemnyoosha tu."

Akakichukua kitanda, akakiweka kiganjani, akakigusa. Kikatulia. Akakigusa tena, akangoja, kikatulia vilevile. Akavitazama vitu vyote kimoja kimoja, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu kwa makosa. Kisha akamgeukia mumewe, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akamshukuru.

"Ahsante. Umefanya kazi nzuri."

Tangu siku ile hakufungua kapu tena.

Aliendelea kukaa barazani alasiri, mkeka umetandikwa, lakini mikono ilikuwa mapajani. Kicheko kikakatika. Na ule usahaulifu, uliokuwa ukitembea, ukaanza kukimbia. Alitia chumvi kwenye chai. Alimsahau Kalunde, akamwita "yule mtoto wa watu aliyeko Mpanda." Mchana mmoja Kapela alimkuta jikoni ameshika kiberiti, akamwuliza kwa heshima kabisa, "Samahani baba, jiko hili la nani?"

Kapela akaogopa. Alimpeleka hospitali. Daktari alimpima, akawaeleza kwamba ni maradhi ya kusahau, dawa ya kuyaondoa haipo. "Mzee, jitahidi tu awe katikati ya vitu anavyovijua," alisema. "Vitamshika kidogo." Kapela aliitikia kwa kichwa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiwaza ni vitu gani hivyo, na hakupata jibu.

Mwezi haujaisha, akarudi Bibi Nyemo.

Huyu alikuwa Mgogo, mjane wa mfanyakazi wa reli, jirani yao tangu yeye na Nyamizi wakiwa maharusi wabichi. Mwaka mzima alikuwa Dodoma kwa mwanawe. Na kwa wasiojua, Wagogo na Wanyamwezi ni watani, Mnyamwezi akiitwa mpagazi kwa mizigo ya misafara ya zamani, Mgogo akiitwa ombaomba. Mtani huweza kukwambia mbele ya watu neno ambalo ndugu yako wa damu akilisema mtagombana, nawe huna ruhusa ya kukasirika.

"Hodi kwa wapagazi!" alipiga kelele mlangoni.

"Karibu, ombaomba," Kapela alimjibu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alitabasamu. "Leo umeishiwa nini, chumvi au moto?"

"Nimeishiwa sura mbaya za kutazama. Nikasema nikamwone Kapela."

Aliingia, akakaa kando ya Nyamizi, akamshika mkono. Nyamizi alimpa tabasamu lile la kumpokea mgeni. Nyemo akaelewa. Alisema utani mmoja usiochekesha, akageuza uso pembeni ili machozi yasionekane. Na alipogeuza uso akaiona rafu.

Alivitazama vitu kimoja kimoja.

"Hawa wamekufa lini?" aliuliza.

"Nani?"

"Hawa." Aliinuka, akamshika ng'ombe. "Kapela, ng'ombe wako wa mahari yuko wapi?"

Kapela hakuelewa. Nyemo akamtazama usoni kuona kama anafanya mzaha.

"Wewe mpagazi, umesahau? Mkeo kanisimulia mara mia. Ulimswaga ng'ombe siku mbili porini kumpeleka kwa baba yake Nyamizi, njiani akakanyaga kisiki. Akafika uani kwa mkweo mguu mmoja uko hewani. Wazee wakasema, 'Sisi tuliomba ng'ombe, kijana huyu katuletea kigoda!' Mji mzima ulicheka wiki."

Kapela akakaa chini.

"Na kuku, suruali yake iko wapi?" Nyemo hakumhurumia. "Si ndiye aliyeingia ndani usiku wa kuamkia harusi yako akataga kwenye suruali yako mpya? Ukaenda kanisani na doa, umelifunika kwa kofia. Na huyu mtu, nani kamkata mkono? Huyu ni wewe! Siku ulipokuja kuposa, wazee wanajadili, wewe umenyoosha mkono unapima fremu ya mlango wa mkweo kwa shubiri, kwamba imepinda. Na hii nyumba mmeipa mlango wa nini? Masika nzima mliishi humo na gunia mlangoni, kwa sababu bwana fundi alikuwa anatengeneza milango ya watu."

"Na kitanda?" Kapela aliuliza.

"Kitanda unaniuliza mimi? Kile ni cha kwako. Cha kwanza kabisa kukitengeneza. Kiliyumba mpaka Kalunde akazaliwa, mmekiwekea kigae chini ya mguu."

Kapela alikikumbuka. Alikikumbuka vizuri mno, kwa sababu alipoanza kupata jina alikipasua kwa shoka mwenyewe akakichoma, asije mtu akaona aibu ile.

Nyemo alirudi mkekani. Sasa hakuwa na utani.

"Alijijua mapema," alisema. "Kabla sijaenda Dodoma alinionyesha hawa wote, akaniambia, 'Nyemo, naanza kupotea. Ninashona mambo yetu nisije nikapotea nayo yote. Kila kitu nimekipinda pale kilipopinda, maana hapo ndipo ninapokishikia. Nikikigusa, ninarudi.' Nikamwambia amweleze mumewe. Akakataa. Akasema, 'Nataka avitambue mwenyewe, tucheke wote.' Alikuwa anakungoja, Kapela."

Kapela aliona uso ule uliochangamka, siku ile alipouliza mguu wa nne uko wapi.

"Miaka yote umebeba mizigo ya mji mzima," Nyemo alimaliza, "wa kwako ukaudondosha sebuleni."

Mtani akaondoka. Kapela alimchukua ng'ombe akaenda karakana, akawasha taa ya mezani mchana ule ule, akashika wembe. Alitaka kuutoa ule mguu alioongeza. Akatafuta mshono wake. Akatafuta tena akiwa amevaa miwani. Alikuwa ameshona vizuri kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuujua mguu wake. Akajaribu kukumbuka yule ng'ombe wa kweli, alichechemea mguu upi? Wa mbele? Wa nyuma? Alikuwa amemswaga siku mbili, na hakukumbuka. Aliyekumbuka alikuwa mmoja tu, naye sasa alikuwa barazani, mikono mapajani, hajui jiko ni la nani.

Fundi Kapela aliinamia meza yake iliyonyooka akalia kama aliyefiwa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini aliyemwaga anaweza kurudi kisimani. Alasiri iliyofuata Kapela alifunga karakana jua likiwa bado liko juu, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona. Akaleta kapu, akaketi mkekani kando ya mkewe, akachukua sindano na kitambaa, akaanza.

Hakujua afanye nini. Kila alichokishika kilinyooka. Miaka arobaini ya ufundi ilikuwa mikononi mwake na haikukubali kutoka. Alitengeneza sungura, akatoka sungura sawasawa. Alitengeneza mtungi, ukasimama wima. Nyamizi hakumtazama. Siku ya pili hivyohivyo, na ya tatu, na wiki ikaisha. Wateja walikuja wakamkuta barazani na sindano, wakaondoka wakinong'ona kwamba mzee naye ameanza.

Siku ya tisa au ya kumi, Nyamizi aligeuza shingo. Alitazama vidole vya mumewe kwa muda mrefu.

"Unashona kama unapigilia misumari," alisema.

Akamnyang'anya sindano.

Mikono yake haikuwa imesahau. Kichwa kilikuwa kimeacha vitu vingi njiani, lakini vidole vilijua njia. Alimshonea yule sungura sikio la tatu, akamweka usawa wa macho, akacheka. Kicheko kilekile. Kapela alikisikia kikitoka karibu na bega lake, akauma midomo ili asilie, maana angelia angemkatiza.

Tangu hapo kila alasiri ilikuwa yao. Walitengeneza paka mwenye mwavuli. Walitengeneza treni ya mabua yenye abiria mmoja tu, mbuzi, naye alikuwa amekaa vizuri. Walitengeneza samaki mwenye viatu. Mwanzoni Kapela aliuliza kila kitu, huyu ni nani, tulimwona wapi, mwaka gani. Mara chache Nyamizi alijibu, na pale alipojibu Kapela aliacha kila kitu akasikiliza mpaka neno la mwisho. Mara nyingi alisema tu, "Huyu amenijia." Naye akajifunza kukubali hilo. Siyo kila kitu kilikuwa kumbukumbu. Vingine vilikuwa raha tu ya mikono ya watu wawili, kitambaa kuukuu kikigeuka mnyama ambaye Mungu hakupata nafasi ya kumuumba. Kapela alitengeneza milango mia kadhaa maishani mwake, na hakuna hata mmoja uliowahi kumchekesha.

Siwezi kukudanganya kwamba mama alipona. Maradhi yale hayarudi nyuma. Walipunguza mwendo wake, basi, na hata hilo ni kwa maneno ya Kapela mwenyewe. Kiangazi kilipokwisha, Nyamizi hakumjua tena mumewe. Alimwita "baba" kama anavyoitwa mzee yeyote wa heshima, na alimruhusu kukaa mkekani kwake kwa sababu alikuwa mtu mpole anayejua kupitisha uzi kwenye sindano.

Alasiri moja Nyamizi alichukua mabua akaanza kuyakata. Kapela alimpa kisu kidogo, akamshikia. Akaona ni miguu. Akaona ni kitanda. Mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne Nyamizi akaukata mfupi, bila kupima, bila kusita.

"Mama," Kapela aliuliza taratibu, "huo wa nne mbona mfupi?"

Safari hii aliuliza, akangoja.

"Kitanda cha mume wangu," Nyamizi alisema. "Alikitengeneza uani tulipooana. Hakijasimama sawa hata siku moja."

"Hakujua kazi?"

"Alijua sana!" Nyamizi alikasirika kidogo. "Mimi nilikuwa napita na ndoo ya maji kichwani. Nikapita, akanitazama. Nikarudi, akanitazama. Msumeno ukamponyoka hapo. Yeye anadhani alikosea kupima. Mpaka leo anaona aibu."

Kapela alikuwa na miaka sabini na miwili. Hakuwa amejua.

"Na wewe ulimwona anakutazama?"

"Nilimwona."

"Mbona hukumwambia?"

Nyamizi aliufunga mguu ule mfupi kwa uzi, akaukaza kwa meno.

"Ningemwambia, angeanza kutazama mbao."

Kapela alitaka kusema jina lake, akashindwa.

"Yuko wapi sasa, mume wako?"

"Karakana." Alionyesha kwa kidevu upande wa nyuma. "Ananyoosha vitu. Kila kitu yeye ananyoosha. Lakini ni mtu mwema, asikudanganye mtu." Aliweka kitanda juu ya mkeka, akakigusa kwa kidole. Kikayumba. Akacheka mpaka mabega yakatikisika, kisha akamwinamia yule mzee mpole, akamwambia kwa sauti ya siri, "Akija, mwambie asikiguse."

"Nitamwambia, mama."

Kitanda kiliendelea kuyumba kidogo, kisha kikalala upande wake mfupi. Kapela hakukitazama. Alimtazama mkewe, akaendelea kumtazama mpaka jua likashuka nyuma ya nyumba.

Funzo: Kabla hujanyoosha kitu cha mwenzio, muulize kwa nini amekipinda, kisha ngoja jibu mpaka mwisho, maana furaha ya mtu haipimwi kwa kipimo cha fundi mwingine, na mara nyingi pale unapopaona pana kasoro ndipo alipoweka mapenzi yake.